Turbo ya Tatu

Faridu alikuwa amefungwa kamba kwenye bampa la nyuma la pikapu, damu imemkauka puani, na Mniko anamuuliza swali lile lile kwa fimbo.

"Nani kakutuma uniulie gari?"

"Hakuna mtu."

Fimbo ikamshukia begani. Ng'ombe waliokuwa wanakula mabua pembeni wakainua vichwa, wakaangalia, wakaendelea kula. Kijijini Genkuru mwaka ule, kila kijana akiwa na nyundo na kiroba cha kubebea mawe ya dhahabu ya kuiba mgodini, kilio cha mtu kilikuwa hakimstui hata ng'ombe.

Kwenye injini alikuwa ameinama Abdurahmani, kaka yake Faridu, fundi wa dizeli kutoka Tarime mjini. Asubuhi walimfuata gerejini kwake, wakamrusha kwenye bodi kama mbuzi wa mnadani, yeye na turbo, feni ya kusukumia injini hewa, waliyoitoa mpakani Sirari. Wakamwambia aifunge. Akaifunga. Hiyo ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilimfia dereva mmoja anaitwa Mogesi. Ya pili ilikufa juzi, Faridu akiwa kwenye usukani.

Mniko alikuwa na sheria yake. Dereva akiua turbo, mkono wake unalazwa juu ya turbo mpya, ikiwa ya moto. Mogesi alilazwa. Mkono ukaoza, ukakatwa, na mwenyewe akafa kabla ya mavuno.

"Fundi, bado tu?" Mniko akasema, anajifuta jasho. "Tupande kilima na mzigo, ipate moto, nimalizane na mdogo wako. Nina kazi nyingine mimi."

Abdu akanyoosha mgongo. Akaichomeka mikono kwenye mifuko ya ovaroli. Alijua hivi: akilia, Faridu ameisha. Hawa watu walitahiriwa wamesimama bila kupepesa jicho. Machozi kwao ni matusi.

"Choma," akasema. "Halafu na hii itakufa. Na ya nne. Utachoma madereva mpaka waishe mkoa mzima wa Mara, ubaki unasukuma gari na mke wako."

Watu watano waliokuwa pale na mapanga wakageuka. Mniko akasogea mpaka pumzi yake ikamgonga Abdu usoni.

"Umesemaje, Mswahili?"

"Turbo inauawa na joto, haiuawi na Faridu. Ninacho kipimo." Akatoa kwenye boksi lake kidude cha chuma chembamba kama msumari, kina mkia wa waya, na saa ya duara yenye mshale. Alikinunua Sirari kwa Mkenya mmoja aliyekuwa anavunja gari la mashindano. "Hii ni sensa. Inaingia kwenye ekzosi, kabla moshi haujafika kwenye turbo. Joto linasomeka hapa kwenye saa."

"Gari linapimwa homa!" mmoja akasema, wakacheka. "Litaandikiwa na sindano!"

Mtu mmoja hakucheka. Simioni, kaka mkubwa wa Mogesi, mwenye mabega kama mlango wa zizi. Siku ile ya Mogesi, yeye ndiye aliyemshika mkono mdogo wake mpaka ukashika chuma. Walimwambia Mogesi kahongwa na wapinzani wao, kundi la Itiryo, aue gari. Akaamini. Angefanya nini? Asingeamini, angelazimika kupigana na rika lake zima.

"Mwache aifunge," Simioni akasema.

Mniko akamtazama, akatema mate. "Funga. Ikionyesha uongo, mkono wa pili ni wako."

Kazi yenyewe kwa kawaida unafungua bomba lote la ekzosi, unalitoboa mezani, unaliosha. Abdu aliomba hivyo, akajibiwa kofi. Basi akachagua njia ya wahuni: kutoboa bomba huku injini inanguruma, ili moshi wenyewe uteme vumbi la chuma nje. Ukitoboa imezimwa, chembe moja tu ikidondokea ndani inaingia kwenye mapanga ya turbo, na mapanga yale yanazunguka kuliko feni yoyote uliyowahi kuona. Chembe moja, na mkono wa Faridu umekwenda.

Jenereta ikawashwa. Pikapu ikawashwa. Abdu akapaka grisi kwenye ncha ya drili, akaegemeza kifua kwenye mashine, akasukuma. Chuma kikalia. Drili ilipopenya, moshi ukamtemea usoni chembe za moto, zikamuingia shavuni kama siafu. Akasikia harufu ya nyusi zake zinaungua. Hakuacha.

"Anaungua huyo!" mtu akapiga kelele, anafurahi.

"Acha aungue," Mniko akasema. "Anajizoesha."

Akakata nyuzi za skrubu kwenye tundu taratibu, robo mzunguko mbele, anarudi nyuma, anafuta grisi yenye unga wa chuma, anapaka nyingine. Damu ya shavuni ikawa inadondokea kwenye kifuniko cha injini na kuchemka. Akafunga sensa, akakaza kwa spana, akapitisha waya mbali na bomba, saa akaifunga juu ya dashibodi kwa mpira wa tyubu. Mshale ukanyanyuka, ukasimama karibu na digrii mia mbili.

"Hapo imetulia," akasema. "Sasa panda."

Wakapakia viroba vya mawe mpaka bodi ikakaa. Faridu wakamfungua kwenye bampa, wakamtupa juu ya viroba bado kafungwa mikono. Mniko akashika usukani mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu. Simioni na Abdu wakabanana naye mbele.

Kilima cha Genkuru kwa upande ule kina mawe yaliyokaa kama meno. Mniko alikuwa hajui kubembeleza gari. Mguu chini mpaka sakafu. Mshale ukapita mia nne, mia tano, mia sita.

"Punguza," Abdu akasema.

Kiwiko cha Mniko kikampiga mdomoni. Jino likalegea. Mia saba. Mshale ukaingia kwenye rangi nyekundu, na bado gari lilikuwa linakwea.

Wakafika juu. Na hapo Mniko akafanya alichofanya siku zote, na alichowaamuru madereva wake wote wafanye: gari halijasimama vizuri, akazungusha ufunguo, akazima. Kimya. Akatoa kichwa dirishani, anatega sikio kama kuna gari la walinzi wa mgodi nyuma yao.

Ndiyo ilikuwa sheria ya kundi lile. Unafika juu, unazima, unasikiliza. Iliwaokoa mara nyingi. Walinzi walikuwa hawapandi taratibu, gari lao linasikika kutoka mbali.

"Umeiua," Abdu akasema, anatema damu.

"Nini?"

"Shuka uone."

Akafungua boneti. Kwenye kivuli cha boneti, turbo ilikuwa nyekundu kama jembe linalotoka kwa mhunzi. Wale wengine waliokuja mbio kwa miguu wakafika wanahema, wakachungulia, hakuna aliyetia utani.

Abdu akachovya bisibisi kwenye oili, akadondosha tone juu ya chuma. Ikalia, ikafuka, ikaganda ikawa makaa meusi. Akayakwangua kwa ncha. Kisha akatoa chini ya kiti turbo ya pili, ile iliyomfia Faridu, aliyoifungua asubuhi, akaigeuza, akakwangua ndani ya tundu la oili. Makaa yale yale. Akaweka makaa ya turbo zote mbili kwenye kiganja, akampelekea Simioni. Hakumpelekea Mniko.

"Injini ikizimwa ikiwa hivi, oili inasimama ndani na kuungua. Turbo inazunguka kwenye makaa mpaka inakatika. Inatakiwa iachwe ingurume kidogo, ipoe, ndio uzime."

"Nilimwambia!" Faridu akapiga kelele kutoka juu ya viroba. "Nilimwambia tuiache ipumue, akanipiga na chupa!"

Simioni akayasaga makaa kwa kidole.

"Na Mogesi alisema," akasema polepole. "Alisema hilo hilo. Ipumue. Nikiwa nimemshika, alikuwa anasema hilo hilo."

"Simioni, mura wetu, usisikilize porojo za gereji," Mniko akasema. Sauti ilikuwa imepanda kidogo, na kila mtu aliisikia. "Dereva ni dereva. Gari likifa mkononi mwake ni lake. Mshusheni huyo mbwa, turbo bado ya moto."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema mshusheni!"

Simioni akapanda kwenye bodi. Abdu akaona panga linanyanyuka, akaokota spana kubwa, akakimbia, akijua amechelewa. Panga likashuka kwenye kamba. Faridu akaanguka kutoka kwenye viroba, mikono huru, akajikunja chini ya tairi.

Mniko alishaelewa. Alichomoa sime kiunoni na kumrukia Simioni alipokuwa anashuka, akamchana kuanzia sikio mpaka kidevuni. Simioni hata hakujishika jeraha. Akamkamata kifundo cha mkono, akakipinda, kikalia kama kuni mbichi. Sime ikaanguka.

"Nishikieni huyu!" Mniko akawaita wengine. "Mniko mtoto wa nani mimi? Nishikieni!"

Mmoja wao, yule wa utani wa sindano, akaiokota sime na kuitupa bondeni. Basi.

Simioni akamburuta mpaka mbele ya gari. "Fundi," akasema bila kugeuka, damu inamtiririkia shingoni. "Inahitaji muda gani kupoa, kabla ya kuzima?"

Abdu alitaka kutojibu. Alimwona Faridu anatambaa, akajibu.

"Dakika mbili. Tatu mzigo ukiwa mkubwa."

"Dakika mbili tu?"

"Ndiyo."

Simioni akatoa sauti ambayo Abdu hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. "Mdogo wangu," akasema. "Dakika mbili." Akakibana kiganja cha Mniko juu ya turbo na kukilalia kwa uzito wake wote.

Abdu alikuwa ameshamnyanyua Faridu, mkono wa mdogo wake shingoni kwake. Wakaanza kushuka kwa upande wa pili, kupitia mihogo ya watu, bila njia. Kelele ziliwafuata. Faridu akataka kugeuka.

"Usiangalie," Abdu akasema. "Tembea."

"Kaka, miguu haina nguvu."

"Basi nitakubeba mgongoni. Lakini tembea kwanza mpaka kwenye ule mkonge."

Juu kule, mmoja wa wale wenye mapanga akaanza kushusha kiroba chake kwenye pikapu, akajitwika na kuondoka. Kisha wa pili. Walipofika kwenye mkonge kelele zilikuwa zimekatika, na harufu ya nyama inayoungua ilikuwa imewafikia. Faridu akatapika. Abdu akachuchumaa, akambeba mgongoni, akaendelea kushuka.