Kidoti cha Kirumba

"Usitume, Mama. Nakuomba usitume."

"Nimeshaandika, nitamtumia baba yake Koku," Brigitha alisema. "Huyo mtoto yuko Mwanza kusoma, siyo kushinda loji kila Alhamisi. Toa mkono wako hapo."

Atupele hakuutoa. Mama na binti walikuwa wameishika tableti kila mmoja upande wake, katikati ya sebule ya fleti yao ya Merrylands, ughaibuni, kama watu wanaogombea sinia. Nje helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka tena kuwachunga watu wasitoke majumbani, kama ilivyozunguka jana na juzi. Atupele alimwaga Kiingereza kirefu, kama kawaida yake akipandwa na hasira.

"Kiswahili," Brigitha akamkata. "Kama unanitukana, nitukane kwa lugha niliyokufundisha."

"Nasema unampeleleza dada Koku. Hakuna neno jingine. Unampeleleza."

"Kwa simu niliyoinunua mwenyewe?"

Ugomvi wote ulianzia kwenye simu hiyo. Mwaka juzi mwezi wa Desemba, kabla mipaka haijafungwa, Brigitha alikwenda nyumbani na mabegi mawili ya zawadi, na Kokugonza, binti wa kaka yake, Gregori, akapelekewa simu yake ya zamani. Ndivyo wanavyofanya wote walioko huku: ukinunua mpya, ya zamani inakwenda nyumbani. Aliisafisha, akaivalisha kava jipya, akaacha akaunti yake mwenyewe humo ndani ili mtoto asihangaike kufungua nyingine. Wala hakulifikiria tena.

Kisha korona ikaja, naye akanunua tableti ya kusalia kanisa la mtandaoni. Siku moja picha zikaanza kuingia: Koku na wenzake hosteli, sahani ya ugali na sato, kiatu kilichokatika kisigino. Brigitha alidhani anatumiwa. Alimwandikia hata "asante mwanangu," Koku akajibu, "ya nini, Shangazi?" Hapo ndipo akaelewa: akaunti ni moja, picha zinajileta zenyewe. Na alipoelewa, hakumwambia Koku.

Picha zilikuwa nyingi mno, akaziacha. Kilichomkamata ni ramani. Ukibonyeza pale kwenye "tafuta simu yako," kilitokea kidoti cha bluu, na kidoti hicho kilikuwa kinatembea Mwanza kweli, barabara anazozijua. Hakuna aliyekuwa anakwenda popote mwaka huo. Ndege hakuna. Mazishi ya mama yake mzazi aliyaangalia kwenye simu, ndani ya gari, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee anayofanyia kazi, halafu akavaa barakoa akaingia zamu. Basi akawa anakifungua kidoti asubuhi, akakifungua kwenye basi, akakifungua chooni kazini. Kikichelewa kurudi hosteli, hakai akatulia; anafuta meza iliyokwishafutwa. Na wiki hizi za karibuni, kila Alhamisi jioni kilikuwa kinakwenda kukaa kwenye loji moja ya Kirumba.

"Mtu asiye na la kuficha hajali kuonwa," alisema sasa. "Mimi kila mlango ninaoingia naskani msimbo wa korona kwa simu, serikali inajua mpaka duka ninalonunua vitunguu. Nimekufa?"

"Huna la kuficha wewe. Wengine wanalo, na siyo dhambi." Atupele alikuwa anasoma chuo kikuu kule Kensington, ingawa tangu Juni Kensington yake ilikuwa meza ya jikoni. "Halafu una kidoti tu, Mama. Mtu huna. Huyo mwanaume unayemdhania yuko wapi?"

"Unamtaka? Nakuonyesha."

Brigitha aliivuta tableti kwa nguvu, akaenda kwenye picha za Alhamisi iliyopita. Mwanaume hakuwepo. Walikuwepo wasichana watano kwenye meza ya plastiki nje ya loji, soda mbele yao, kompyuta moja katikati, na ukutani kibao cha intaneti ya bure. Akapitisha kidole. Zilizofuata zilikuwa picha za maandishi, meseji baada ya meseji. Alianza kusoma ya kwanza kwa sauti, kwa ushindi.

"'Mimi ni msichana, naitwa Sunday, mwaka wa pili. Yule mwalimu amenifelisha mara mbili, akaniambia kama nataka kufaulu nijue njia ya ofisini kwake wenzangu wakishaondoka. Dada, nimekuamini, tafadhali usi...'"

Zilizobaki alizisoma kimya. Wasichana wengine, majina kamili, namba za usajili, vyumba. Mmoja alikuwa amepiga picha kitambulisho chake ili aaminiwe. Kauso kadogo, nywele zimesukwa vizuri.

"Mungu wangu," Atupele alisema begani kwake. "Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Kuna ukurasa mtandaoni, mimi naufuata. Wasichana wa chuo kile wanaandika mambo ya yule mwalimu, majina yamefichwa. Hakuna anayejua nani anauendesha. Ni dada Koku."

"Na hawa wenye majina?"

"Wamemwandikia mtu mmoja, Mama. Hawakukuandikia wewe. Wala kampuni iliyokupa akaunti ya bure, ambayo inayo yote haya kwenye mitambo yake, na mwenye nguvu akiyataka anajua pa kubisha hodi."

Brigitha alifungua mdomo kujibu, simu ikalia. Gregori. Asubuhi ile alikuwa amemwandikia: kaka, nina neno kuhusu Koku, nipigie. Na Gregori, baba yake Koku, alikuwa mhasibu wa chuo hichohicho.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Bado mmefungiwa?"

"Bado."

"Poleni. Huku nako hatulali. Neno lako ni la huo ukurasa?"

"Ukurasa gani?"

"Usinizungushe, Brigitha. Mkuu wa chuo ameniita jana. Wanasema anayewachafua ni mtu wa darasa la Koku. Si uliniambia Pasaka kwamba picha zake zote zinakuja kwako? Nitumie za mwezi huu. Kama hayumo, nalala. Kama yumo, namnyamazisha mwenyewe kabla hawajamfikia. Unataka afukuzwe? Unataka na mimi nifukuzwe?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea huku anaongea. Mlango ulisikika ukifungwa. Hakuwa mtu mbaya, Gregori. Alikuwa anaogopa, na Brigitha alimjua akiogopa tangu utotoni: anatafuta mtu wa kumkabidhi kitu kinachomuunguza.

"Na wale wengine?" ilimponyoka.

"Wengine gani?"

Atupele alimfinya mkono.

"Wenzake wa darasani," Brigitha alisema. "Wakitafutwa nao."

"Hao wana baba zao."

Brigitha alitazama kile kitambulisho kwenye skrini.

"Sikutumii," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sikutumii kitu. Simu nilimpa yeye, sikukupa wewe."

"Mimi ni mkubwa wako!"

"Ndiyo maana nimekupa shikamoo." Akakata.

Atupele alikuwa ameshika kichwa. "Sasa amejua kuna kitu."

"Amejua. Kwa hiyo tusikae tunatazamana. Mpigie Koku kwa simu yako. Siyo simu ya kawaida, ni kwa ile programu ya video mnayotumia watoto, isiyobakiza maneno."

Ilikuwa asubuhi Mwanza, Koku akapokea haraka, akacheka kumwona binamu yake. Kisha akaona uso wa shangazi yake nao unajisukuma kwenye skrini.

"Shikamoo, Shangazi. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba, nisikilize. Simu niliyokupa ina akaunti yangu. Kila picha unayopiga inakuja huku kwangu. Ninaona na ulipo. Nimeona meseji za wale wasichana."

Koku aliisogeza simu karibu na uso. Nyuma yake mtu alikuwa anafagia.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana! Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Utanigombeza baadaye, una haki. Baba yako amezitaka nimekataa, atakuja kuichukua hiyo simu mkononi mwako leo hii. Una pa kuziweka?"

"Ninayo flashi." Alikuwa ameshaanza kuitafuta begini. "Nani mwingine ameziona?"

"Mimi na Atupele. Na yule mwenye mtambo."

Atupele akaichukua simu, wakaanza kuelekezana, Kiswahili na Kiingereza vikigongana: hamisha kwanza, toa akaunti, futa zilizobaki ndani. Brigitha alikuwa anazunguka meza. Simu yake ililia, Gregori. Ikanyamaza. Ikalia tena, akaigeuza kifudifudi. Alienda dirishani, akarudi. Alitaka kufungua ramani aone kama Gregori ametoka ofisini, halafu akakumbuka kwamba Gregori hana kidoti, na kwamba yeye mwenyewe ndivyo alivyokwisha kuwa, mtu wa kutafuta kidoti cha kila mtu.

"Amemaliza," Atupele alisema. "Sasa za huku. Tuchague zile za meseji, tuzifute moja moja, halafu tufute na kwenye pipa la..."

"Nifute akaunti yote inawezekana?"

"Inawezekana. Lakini zako zote zinakwenda, Mama. Picha za Desemba, Bibi yumo. Barua pepe za kazini. Ratiba ya zamu zako. Na kampuni haifuti siku hiyohiyo, ina taratibu zake."

"Ndiyo maana naanza leo. Kazini nitawapa anwani nyingine. Nabonyeza wapi?"

Atupele alimwonyesha. Tableti iliuliza paswedi, akaiweka. Ikauliza sababu, akaacha wazi. Ikauliza kama ana hakika, maana hakuna kurudi.

"Shangazi," Koku aliita kutoka kwenye ile simu nyingine, "na hiyo ramani je?"

"Inakwenda na vingine," Brigitha alisema, akabonyeza.