Matao ya Mzee Jivraj

Masalu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pikapu mpya tu, na mtu mwenye pikapu mpya anaweza kufanya mengi.

Ilikuwa mwaka 1996. Dhahabu ya Mwakitolyo ilikuwa imemkubali, naye akanunua nyumba ya mwisho kwenye safu ya maduka ya zamani pale Shinyanga mjini. Maduka yale yalishikana ukuta kwa ukuta chini ya paa moja la bati, na mbele yake ilipita baraza ndefu yenye matao ya mawe, tao likiegemea tao jirani toka pembe hadi pembe. Safu nzima ilijengwa na mzee Jivraj enzi za Mwingereza. Jina lake lilifinyangwa kwa herufi za chokaa juu ya mlango wa duka linalofuata, ambako mkwewe Lataben, mjane wa mwanawe, aliuza vitambaa.

Nguzo ya pembeni, mbele ya nyumba ya Masalu, nene kuliko zote, ilizuia pikapu isifike mlango wa stoo. Masalu aliiona ni mbwembwe za matajiri wa zamani. Miaka yote alikuwa akiyazuia maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yasititie kwa magogo tu, na hakuna mchimbaji wake aliyefukiwa. Huko chini ya ardhi uzito unashuka: weka gogo imara, kazi imekwisha. Basi akasimamisha mabomba mawili ya chuma chini ya tao, akaibomoa ile nguzo.

Kumbe tao halikandamizi chini tu, linasukuma na pembeni. Nguzo ile nene ndiyo iliyokuwa inapokea msukumo wa matao yote.

Haukupita muda, nyufa zikatokea kwake, zikahamia kwa Lataben. Masalu akavuka barabara ili atazame vizuri. Nguzo zote za safu zilikuwa zimeinama kidogo kuelekea upande wa nyumba yake, pale alipobomoa. Alielewa pale pale. Akarudi kwenye duka alilofungua humo, akaendelea kuuza misumari bila kumwambia mtu.

Jumatatu Lataben akaja na sahani ya chapati.

"Baba Vumilia, nisamehe," alimwambia Masalu. "Watu walisema zamani kwamba baba mkwe alibania chokaa, mimi nikawa nagombana nao. Sasa nyumba uliyonunua kwa jasho lako inapasuka. Tumekutia hasara."

"Hapana, mayu, usiseme hivyo..." Masalu alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Acha niseme. Nataka lile jina litoke. Wewe ni mtu wa mawe, nitolee."

Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli. Badala yake alichukua ngazi, kwa sababu kupanda kulikuwa rahisi kuliko kusema. Lataben mwenyewe akaishika kwa chini asije akaanguka, na wema huo ulimchoma vibaya.

Akaweka patasi kwenye herufi ya kwanza, akagonga. Patasi ikaruka. Akagonga kwa nguvu zaidi, kikatoka kipande kidogo mno. Chokaa ya mzee ilikuwa ngumu kuliko mwamba wa Mwakitolyo. Mtu aliyejenga hivi hakubania kitu.

"Mama Hemal," alimwambia Lataben bila kugeuka, "hakukosea yeye. Ni mimi. Nguzo niliyobomoa ndiyo iliyoshika safu nzima. Nimejua tangu siku ile ya nyufa. Nitaijenga upya, gharama zote ni zangu."

Lataben hakupiga kelele. "Shuka," alisema.

Akamwongoza hadi chumba cha nyuma. Ukutani ilikuwepo picha kubwa katika fremu, uso umegeuziwa ukuta.

"Mimi ndiye niliyemgeuza baba mkwe," alisema. "Tangu nyufa zitokee, kila asubuhi nilimwita mwizi. Mzee aliyenilea kama binti yake! Nguzo utajenga, Baba Vumilia. Haya mengine nitayajengaje mimi?"

Akaigeuza, akampisha Masalu asimame mbele ya picha. Mzee mwembamba mwenye kofia alimtazama. Masalu alitafuta maneno ya kuanzia, akapata lile moja tu alilofundishwa utotoni kwa watu waliomzidi umri.

"Shikamoo, mzee," akasema, na wote wawili wakabaki wamesimama, kama wanaosubiri ajibu.