Bong-su Alipomfungia Mama Yake Jiko

Huku kwetu Jeju, kisiwa cha Korea, mzazi na mwana aliyeoa hukaa ua mmoja, lakini kila nyumba na jiko lake. Ndivyo alivyoishi jirani yangu, Mama Bong-su. Ana miaka themanini na sita. Alijipikia, akalima figili zake, na sisi wadogo tukilalamikia magoti alitucheka: "Magoti yenu yameota kutu kwa kukaa!"

Majira ya baridi akateleza kwenye theluji mlangoni. Hakuvunjika kitu. Lakini mwanawe, Bong-su, aliingiwa na hofu, na hofu hiyo naijua, maana wanangu wakikohoa tu mimi silali. Akabeba jiko la mama, sufuria, hata jembe lake dogo, akafungia stoo.

"Mama, sasa utakula kwetu. Wewe kaa tu."

"Nikae ningoje nini? Jeneza?"

Akakaa. Mkewe Bong-su akimletea sinia, samaki kashatolewa miiba. Kufika machipuko miguu ya mama ikawa fito, anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Bong-su akaanza kuulizia makao ya wazee mjini. Nikasema moyoni, huyu tunamzika anatuangalia.

Asubuhi moja nikaona moshi uani kwao. Mama Bong-su kajikokota hadi kwenye ukuta wa kukinga upepo, kachomoa vijiwe vitatu, kainjika figili kwenye sufuria ya kunyweshea kuku. Na kachuchumaa!

Bong-su akatoka mbio. "Mama! Utaungua!"

"Chumvi iko wapi? Umenifungia hata chumvi, mimi panya?"

"Utaanguka tena, mama."

"Kwenye theluji nilianguka nikainuka mwenyewe. Uliponiangusha wewe, ndipo sijainuka mpaka leo."

Mkewe Bong-su akaziba mdomo kwa kicheko, akaingia ndani, akarudi na chumvi na ufunguo wa stoo.

Jioni ile jiko lilirudi mahali pake. Bong-su akapigilia mti wa kushikia mlangoni, jambo alilopaswa kulifanya tangu siku ile ya theluji. Nanyi wenye wazazi, mkiogopa, ogopeni hivyo: wekeni mti wa kushikia, msibebe jiko.

Makao ya mjini hayatajwi tena. Jana mama kanipitishia bakuli la figili juu ya ukuta.

"Bakuli nirudishie kesho," akasema. "Ukichelewa nalifuata mwenyewe, na nikija nakagua jiko lako."

Jiko nimeshalisugua.