Supu Aliyoagiza Mama Nabeel

Zebunissa hakuwa mtu wa kula nje. Kwake yeye, hoteli ilikuwa mahali pa wasafiri na wanaume waliogombana na wake zao. Lakini mwanawe wa pekee, Nabeel, alikuwa na wazimu wake: kila Jumamosi lazima atafute mkahawa wa Kivietnamu, tena ule wa bei ya chini, wenye viti vya plastiki na kalenda ya mwaka jana ukutani, ale, apige picha, kisha aandike kwenye ukurasa wake wa mtandaoni kama supu ni supu au ni maji ya kuoshea vyombo. Mwaka huo wa 2009 watu walikuwa wakimsoma, wakimshukuru na kubishana naye. Mama mtu, mjane, angefanya nini? Akibaki nyumbani Mississauga anaangaliana na ukuta. Akaona heri aandamane na mwanawe. Wakamaliza mikahawa ya barabara nzima ya Spadina, wakapanda hadi Jane na Finch, wakarudi kuichambua Dundas, na bibi huyo akawa fundi. Akaweza kuonja mchuzi wa pho, ile supu yao ya tambi, akakwambia mifupa imechemka usiku kucha au mpishi ametia unga wa pakiti. Na nguruwe alimjua kuliko wahudumu wenyewe, maana alijifunza kumkwepa popote alipojificha. Yeye na mwanawe walikula ng'ombe na kuku, basi.

Jumamosi hizo zilikuwa ndiyo maisha yake. Wiki nzima alizisubiri.

Kisha akaja Amandine.

Amandine alikuwa binti wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, aliyeingia Kanada na mama yake kwa njia ya ukimbizi. Waliishi ghorofani St. James Town, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Nabeel alikutana naye kwenye nyumba ya wazee alikokaa mjomba wake Ramzanali. Alikwenda kumjulia hali mjomba, akawa anakwenda kila siku, na mjomba mwenyewe akashangaa amependwa lini. Jumamosi ya kwanza Nabeel alipomleta, Amandine alimfungulia Zebunissa mlango wa mbele wa gari, akashika mkoba wake mpaka akakaa vizuri, kisha yeye akaenda kukaa nyuma. Msichana mwingine angesifiwa kwa adabu hiyo. Zebunissa alijisemea tu kwamba huyu angalau anajua nafasi yake.

Jamani, kuna watu moyo wao una meno!

Zebunissa alizaliwa Mwanza, akaondoka huko akiwa mwari. Kiswahili alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha jikoni kwa baba yake, cha kusema na yaya na mpishi na mwosha gari. Hakikuwa na neno "tafadhali" ndani yake. Sasa kikapata kazi tena. "Lete maji." "Sogeza pilipili." "Futa hapa, huoni?" Amandine alisogeza, akafuta, akasema, "Ndiyo, mama." Na yule mpumbavu Nabeel, aliyelelewa kwa Kikachi, lugha ya Wahindi wa kwao, na Kiswahili akajibu maisha yake yote kwa Kiingereza, alikaa hapo akichekelea kwamba ona, wanawake wake wawili wana lugha moja.

"Mimi yaya nilimwacha Mwanza," Zebunissa alimwambia rafiki yake Nilofar kwenye simu, "mwanangu kaniletea mwingine hapa, tena anataka nimwite mkwe." Nilofar alicheka, halafu akanyamaza, kwa kuwa yeye mkwe wake alikuwa Mzungu, binti wa Kiayalandi, na kwenye harusi ile Zebunissa alicheza mpaka kiatu kikakatika. Haikuwa dini, basi, wala haikuwa kabila kwa jumla. Mnaelewa ilikuwa nini.

Mwezi wa kumi Nabeel akatangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha atakwenda St. James Town kupeleka posa. Zebunissa hakupiga kelele. Alisema ana sharti moja tu dogo: nyumbani kwake nguruwe haingii, wala mdomo uliokula nguruwe. Amandine, ambaye kwao Uvira nguruwe ni nyama ya sikukuu, aliinama mbele yake akasema, "Mama, nimekwisha kuacha. Tangu Nabeel aniambie, sijaigusa. Ninakuahidi mbele ya Mungu."

Ahadi ile ilimkosesha Zebunissa usingizi. Sharti alilitoa livunjwe, na sasa limetimizwa! Posa itakwenda, harusi itafungwa, na Jumamosi zake zitakaliwa na mtu mwingine milele. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alijiambia, akaanza kutafuta udongo.

Nafasi ilikuja Novemba. Theluji ilikuwa imetabiriwa na Nabeel alitaka kubadilisha matairi, kufunga yale ya baridi. Gereji ilikuwa mtaa wa pili kutoka Spadina. Akawashusha mama yake na mchumba wake kwenye mkahawa mmoja wa ngazi za kushuka chini, ambao alikuwa bado hajauandika, akasema waanze kula, atawakuta.

Wakakaa wawili. Amandine akamsaidia Zebunissa kuvua koti, akalitundika, akafuta vijiti na vijiko kwa karatasi kama Nabeel alivyomfundisha, akaweka vya mama kwanza. Mhudumu alipokuja, Amandine alifungua mdomo aombe pho ya kuku. Zebunissa akamzuia kwa kidole.

"Leo nitakuagizia mimi."

Akajiagizia chai tu, akasema tumbo si zuri. Kisha akaonyesha kwenye orodha ile supu nyekundu ya mji wa Hue. "Ni supu ya ng'ombe," alimwambia msichana. Na hakusema uongo, ng'ombe alikuwamo. Ila Zebunissa alijua vizuri kabisa, kwa miaka yote ya kuikwepa, kwamba chini ya ng'ombe hulala mguu wa nguruwe, na kando yake vipande vya damu iliyoganda.

Bakuli likaja likitoa moshi. Zebunissa alichukua kijiko akakoroga kwa mkono wake mwenyewe, akaupandisha ule mguu juu, kwato na ngozi na vyote, akaulaza mbele ya Amandine. Alitaka uonekane. Mtego wake ulikuwa na midomo miwili: msichana akikataa, atamwambia Nabeel huyu amedharau chakula kutoka mkononi mwangu, akila, amekula nguruwe. Alikuwa ameupanga hivyo wiki nzima, huku akimenya vitunguu, na kila alipoufikiria alijisikia vizuri.

Amandine aliutazama ule mguu. Akamtazama Zebunissa.

"Kula, mwanangu," alisema Zebunissa.

Mwanangu! Mara ya kwanza tangu wajuane. Ole wako wewe mwanamke.

Amandine alifumba macho, akasali kimya, akala. Alikula polepole bila kuinua uso. Alikula nyama, akala damu, akafyonza mifupa midogo akaipanga kwenye kisahani, akanywa na mchuzi. Machozi yalimtoka akayapangusa kwa kiganja, akasema ni pilipili. Hakubakiza kitu. Zebunissa alimwangalia mpaka mwisho, na alipoona bakuli liko tupu akashindwa kungoja.

"Umejua ulichokula?"

"Nimejua, mama."

"Umejua nini?"

"Ule mguu. Kwetu tulikuwa tunafuga, mama. Nitakosaje kuujua?"

"Sasa mbona umekula? Si uliahidi mbele ya Mungu wewe?"

Amandine aliweka mikono mapajani. "Mama ameniagizia mwenyewe. Ameniwekea kwa mkono wake, ameniita mwana. Kule kwetu watu wanaogopa sumu sana. Mama mkwe akikupa chakula ukakataa, ni kama umesimama mbele ya watu umesema huyu mama anaua watu. Neno lile halitoki tena. Bibi arusi hawezi kuingia kwenye familia na neno lile. Nikawaza labda mama hakujua ilikuwa nini ndani. Nikikataa, nitamfedhehesha. Nikaona afadhali nivunje ahadi yangu, Mungu ananijua, kuliko nimwite mama wa Nabeel mtu wa sumu." Akainua macho. "Mama atanisamehe?"

Mtego wake Zebunissa alikuwa ameusukia mtu mlafi, au mtu jeuri. Huyu hakuwa yeyote kati yao. Alihisi aibu, aibu ya kweli, ikimpanda shingoni. Angeweza kumwita mhudumu aondoe bakuli na kile kisahani cha mifupa, yakaisha pale pale, wakanywa chai. Mkono wake ulishainuka kumwita. Naapa ulishainuka.

Mlango ukafunguliwa, Nabeel akaingia akipangusa theluji mabegani. Akaja moja kwa moja mezani, akaweka kiganja chake kwenye shavu la Amandine, akamuuliza kama ameona baridi. Alimuuliza yeye kwanza. Mama yake, aliyemzaa, alimpa salamu ya pili, juu juu, huku akivuta kiti.

Mkono wa Zebunissa ukashuka.

"Mwulize mwenzako amekula nini," alisema.

Nabeel alitazama bakuli. Akatazama mifupa. Mtu aliyeandika juu ya mikahawa yote ile hakuhitaji kuambiwa. "Umekula hii?" aliuliza kwa Kiingereza.

Amandine alimgeukia Zebunissa akasubiri, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni apite kwanza. Zebunissa alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

"Nimekula," alisema Amandine.

"Nani aliagiza?"

Kijiko cha Zebunissa kikasimama.

"Mdomo ni wangu, Nabeel. Nimekula mimi. Usiulize mengine."

"Nilimwona kwa macho yangu," alisema Zebunissa. "Mpaka mifupa."

Nabeel akasema, kwa sauti ya chini, twende nikusindikize kituoni tuzungumze. Amandine alisimama, akavaa koti lake jembamba. Alikunja magoti kidogo mbele ya Zebunissa, akamwambia, "Aksanti kwa chakula, mama." Na hakuwa anamkejeli. Alisema kama alivyofundishwa na mama yake kushukuru kwa chakula, halafu akapanda ngazi mbele ya Nabeel bila kugeuka.

Nabeel alirudi peke yake mapema kuliko Zebunissa alivyotarajia.

Njia nzima ya kuelekea Mississauga Zebunissa aliyapanga maneno ya kumfariji. Atamwambia Mungu amemwepusha. Atamwambia wasichana wapo, tena Alimohamed wa Brampton ana binti daktari wa meno. Alingoja mwanawe alie, au apige usukani, au amgombeze, alikuwa tayari kwa yote. Lakini Nabeel alikuwa anasifu matairi yake mapya, jinsi yanavyoshika barabara. Kisha akaanza kuimba chini chini.

"Huna uchungu?" Zebunissa alishindwa kuvumilia.

"Wa nini?"

"Amekula nguruwe, Nabeel! Alikuahidi!"

Nabeel alicheka. "Mama, ile supu mimi mwenyewe naila. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nikiwa na wewe ndiyo nakula kuku, nisikuudhi."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Zebunissa alishika mkanda wa kiti. "Sasa umemwacha kwa nini?"

"Mama, posa ilikuwa inakuja. Kanisa lao zima limeshaanza kuniita shemeji. Nilikuwa natafuta pa kutokea, sipaoni. Leo umenirahisishia." Aliwasha taa ya kukata kona, akaangalia kioo. "Nimemwambia mimi sina neno kabisa, nampenda. Ila mama hataki, ameapa hatamsamehe, na mimi siwezi kuvunja moyo wa mama. Ameelewa. Akasema mama ana haki, kosa ni lake. Ameniomba nimsaidie kukuombea radhi."

"Mimi sikusema hivyo."

"Ungesema, si ndiyo?"

Zebunissa aligeuza uso dirishani. Alikuwa amekipata kila alichokitaka. Mwanawe alikuwa kando yake, wa kwake peke yake, Jumamosi zote ni zao tena, na alimwogopa. Alijitahidi kukumbuka ni lini mtoto huyu alijifunza kumtumia mtu na kumtupa huku anaimba, na jibu lilikuwa karibu mno, akaacha kulitafuta. Alitamani agombane na mtu, lakini mtu pekee ambaye angemnyenyekea akamsikiliza alikuwa amepanda treni.

Theluji ilizidi. Nabeel akapunguza mwendo, akawasha joto la gari, akamrekebishia mama yake skafu kwa mkono mmoja kwa upendo kabisa.

"Lakini ule mkahawa sitaki kuupoteza," alisema. "Niambie basi, supu yao ilikuwaje? Nataka kuandika leo."

"Sijui," alisema Zebunissa. "Mwulize aliyeila."