Masale ya Nsimire

Mtu mwenye kiu ya kwao achunge sana anayemwambia. Nsimire hakuchunga.

Alivikimbia vita vya Kongo akiwa mdogo, na kitu pekee alichofika nacho Moshi ni hadithi ya bibi yake: babu yao wa kwanza alishuka mlima wenye kichwa cheupe, chipukizi la mgomba kwapani, akafuata jua linakozama. Kila akifungua genge lake la nyanya pale Rau, aliutazama mlima akijiuliza kama ndiko kwao.

Siku moja akamsimulia mteja, Mzee Thadeus, mkulima wa kahawa wa huko juu.

"Mama wee!" Mzee akashika kichwa. "Huyo ni babu yetu aliyepotea! Wewe ni binti yangu kabisa!"

Nani asingelia? Nsimire alilia mbele ya nyanya zake.

Jumamosi akapanda huko na kitenge kipya. Thadeus akampa miche ya masale, ile ya majani marefu, akamwonyesha mahali katikati ya migomba. "Babu aliondokea hapa. Panda wewe, damu yake." Akapanda mstari mzima, akimnong'oneza bibi yake kwamba amefika.

Hakujua kwamba kwa Wachagga masale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na anayeuhamisha hujitafutia laana. Thadeus alijua. Ndiyo maana alitafuta mkono wa mgeni. Mstari ule ulimega migomba ya Martha, mjane wa mdogo wake.

Ukoo ukaitana, na Nsimire akaitwa.

"Nani kapanda?" Martha aliuliza.

"Si mkono wangu," Thadeus akajibu. "Ni huyo mkimbizi."

"Baba, si ulisema mimi ni binti yako?"

"Binti gani? Tangu lini tukazaa Wakongo sisi?"

Watu wakacheka. Martha hakucheka.

Nsimire akainama, akaanza kung'oa masale, moja moja.

"Acha, utapata laana!" wakamkemea.

"Laana ya ukoo gani? Mmesema sina."

Alipomaliza, Martha akamletea maji ya kunawa.

Usiku, nyumbani, binti mdogo wa Nsimire akamvuta kanga. "Mama, nisimulie ya babu na mgomba."

Nsimire akazima taa.

"Lala. Nimeisahau."