Chuma cha Mama, Nusu ya Kushoto

1.

Usile. Ngoja kwanza.

Nakuambia wewe uliyeingia kwa njia ya nyuma, pua ikitangulia. Harufu umeipata tangu kule kwenye mfereji, najua, hakuna asiyeipata. Lakini uani kwa marehemu Mkamburi, hapa Mwakiruru, mlimani juu ya mji wa Voi, chapati ya kwanza ya Krismasi haiwi ya mgeni. Haiwi ya mtoto. Haiwi ya mchungaji, hata aje na joho lake. Ni ya wapishi wawili: anayesukuma na anayegeuza. Wanairarua katikati, wanaila wamesimama, midomo inaungua, wanacheka. Baada ya hapo ndipo wengine wote wanapopewa.

Wapishi wawili.

Haya, tazama hapo mekoni uniambie unaona wangapi.


2.

Yuko Saru, binti mkubwa wa marehemu. Basi.

Miaka hamsini na sita, leso moja kiunoni, moja kichwani, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni. Tangu kulipopambazuka anakanda mwenyewe, anasukuma mwenyewe, anageuza mwenyewe, anakohoa mwenyewe. Kusukuma anajua, chapati yake hutoka duara, huwezi kumlaumu. Kugeuza hajui, na kwa umri huu hatajua. Akisukuma moja, nyingine inaungua. Akikimbilia inayoungua, tonge lililo kibaoni linakauka.

Aliyejua kugeuza ni mdogo wake, Wakesho. Aligeuza kwa vidole vitupu, huku anaimba, huku anamsema mtu.

Wakesho anakaa Voi mjini. Nusu saa kwa pikipiki.

Hajapanda mlima huu miaka minne.


3.

OFISI YA NAIBU WA CHIFU
KATA NDOGO YA MWAKIRURU

KUH: UGAWAJI WA BAMBA LA CHUMA LA KUPIKIA, MALI YA MAREHEMU MKAMBURI

Baraza lilisikiliza pande zote mbili. Kwa kuwa kila upande unadai kwamba marehemu aliuachia bamba hilo kwa kauli ya mdomo, na kwa kuwa hakuna shahidi, imeamuliwa kama ifuatavyo:

(a) Bamba litakatwa katikati, sawa kwa sawa.
(b) Nusu ya kushoto itakuwa ya Bi. Saru. Nusu ya kulia itakuwa ya Bi. Wakesho.
(c) Bw. Mwachofi, fundi wa kuchomelea, atapima na kukata mbele ya mashahidi.
(d) Baada ya hapo, upande mmoja hautausumbua upande mwingine.

(Sahihi. Muhuri.)


4.

Kifungu (d) kimetekelezwa kikamilifu.


5.

Kuhusu chuma chenyewe, ili usije ukadhani ni kikaango cha dukani:

Kilitoka kwenye tangi kuukuu la maji la reli, baba yao alipokuwa akifanya kazi huko. Urefu wake ni mtu mzima akinyoosha mikono yote miwili. Ukingo umekunjwa pande zote nne ili mafuta yasitoroke. Kilichukua chapati sita kwa mpigo. Meko ya mawe ilijengwa kwa kipimo chake, hapo hapo uani, na haijawahi kubomolewa.

Kililetwa kwa miguu kutoka stesheni. Walikuwa wanaume wawili, mmoja akatoroka njiani, baba akakiburuta peke yake mlima mzima. Kriii, kriii, juu ya mawe. Mama alikuwa hajamwona mumewe miezi mitatu. Alisikia mlio ule kabla hajaona mtu, akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Ndiyo maana nakipenda," alikuwa akisema kila Krismasi. "Kilinipigia hodi kutoka mbali."


6.

Enzi za Mama:

chapati   chapati   chapati   chapati   chapati   chapati

Sasa:

chapati   chapati   chapati  |


7.

Maneno yaliyosikika siku ya kukatwa, kutoka kwa watu waliosimama kwenye ua wa minyaa:

"Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tumechukua gurainda."

"Kwani kinaweza kukatika?"

"Kila kitu hukatika, mama."

"Mmoja atasema. Ngoja uone. Mmoja atasema hapana."

"Hebu sogea, nami nione."


8.

Mimi ni Mwachofi. Nitasema langu mara moja, kisha muniache.

Nilipima mara tatu. Nilichora mstari kwa chaki, nikaufuta, nikauchora tena. Sikuwa nakosea vipimo. Nilikuwa nawapa nafasi. Saru alisimama kushoto, amekunja mikono. Wakesho alisimama kulia, amekunja mikono vile vile, maana wale wamefanana hadi kwa kununa. Nikawasha gurainda yangu ya kukatia chuma. Nikamtazama mkubwa. Nikamtazama mdogo. Wote wawili walikuwa wanatazamana wao kwa wao, kila mmoja anangoja mwenzake aseme usikate.

Nikakata.

Tangu siku hiyo nikipita kwa nyumba ile huwa nazima honi na kuinamisha kichwa. Watu husema fundi hana kosa, fundi ni mkono tu. Sawa. Lakini mkono huu ni wangu, na ndio ninaolia ugali.


9.

Sasa kumbuka: ukingo ulikunjwa pande nne. Ukikata katikati, kila nusu inabaki na pande tatu. Upande wa nne uko wazi.

Mafuta hayajui mambo ya baraza. Yanateremka hadi pale palipokatwa, yanamwagikia motoni, moshi unapanda mweusi, chapati zinanuka masizi. Krismasi ya kwanza Saru alilia, akasema ni moshi. Krismasi ya pili akabuni dawa: anakanda kamba ya unga, anaibandika kwenye ule ukingo uliokatwa, inaziba. Inaziba kwa chapati kumi hivi. Kisha inaungua, inapasuka, anakanda nyingine.

Na ile chapati ya kwanza? Miaka yote minne ameirarua katikati. Nusu moja amekula. Nusu ya pili amempa jogoo, haraka haraka, akitazama kando.

Jogoo amenenepa. Kila mtu ameona, hakuna aliyesema.


10.

Ila mwaka jana Mghoi, binti yake Saru, alitamka neno bila kujua uzito wake. Alikuwa anaosha sufuria.

"Hiki chuma Bibi alisema ataniachia mimi."

Saru akaacha kusukuma. "Lini?"

"Nikiwa darasa la tano. Siku nilipogeuza bila kuunguza. Akasema, wewe ndiye, chuma hiki nitakuachia wewe."

"Alikuambia hivyo hivyo?"

"Ee. Hata mchungaji aliwahi kuambiwa, siku alipopuliza moto ukawaka. Si Bibi alimwambia kila mtu? Ilikuwa ndiyo asante yake."

Saru aliketi chini pale pale, juu ya gunia la makaa.

Kwa hiyo Wakesho hakusema uongo.

Na yeye Saru pia hakusema uongo.

Na Mama

Lo.

Mama alikuwa anashukuru tu.


11.

Mambo ambayo Saru angeweza kufanya tangu siku hiyo, na hakuyafanya:

Kupiga simu. (Namba anayo. Alishaibonyeza yote, akaacha tarakimu moja.)

Kushuka Voi siku ya soko na kupita dukani kwa Wakesho kama anayepita tu. (Alipita. Upande wa pili wa barabara. Na mwavuli, na hapakuwa na mvua.)

Kumwambia Mghoi amwambie shangazi... aah, si shangazi, mama mdogo, hata ulimi umeanza kusahau.

Kusema: nilikosea. (Neno hilo Saru analo. Limekaa kooni mwaka mzima, halishuki, halipandi.)


12.

Leo basi. Krismasi ya tano, saa mbili asubuhi.

Saru ametoa chapati ya kwanza. Imeungua ubavuni, kama kawaida yake. Akairarua katikati. Jogoo akasogea, anajua zamu yake.

"Toka!" Saru akamfukuza kwa mwiko.

Pikipiki ilikuwa inapita barabarani, honi imezimwa, dereva ameinamisha kichwa.

"Mwachofi! Wee Mwachofi! Simama!"

Fundi nusura aangukie minyaa. Miaka minne hajaitwa kwa jina kwenye ua ule.

"Mama Mghoi, heri ya Krismasi, mimi nilikuwa tu..."

"Unashuka mjini?"

"Nashuka."

Akamfungia ile nusu ndani ya gazeti, ya moto, mafuta yakaanza kuchora doa. "Mpelekee Wakesho."

"Nimwambie nini?"

Saru akafuta mikono kwenye leso ijapokuwa ilikuwa tayari mikavu.

"Usimwambie kitu. Ataijua."


13.

Saa tatu. Chapati ishirini na moja zimefunikwa kapuni. Hakuna aliyekula.

Saa tatu na nusu. Nyama ya mbuzi imeiva. Kimanga, mihogo na maharagwe, kimepondwa. Hakuna aliyekula.

"Mama," Mghoi anasema, "watoto wana njaa."

"Wangoje."

"Wanangoja nini?"

"Chapati ya kwanza haijaliwa."

"Si huwa unakula nusu, halafu..."

"Nimesema wangoje, Mghoi!"

Nusu yake Saru iko juu ya kibao, imefunikwa bakuli. Imepoa. Hajaigusa. Ikirudi ile nusu nyingine ndani ya gazeti lake, basi yamekwisha, hatakuwa tena na dada hapa duniani, na hilo analijua kuliko wewe na mimi.

Na wewe, mbona mkono wako uko kapuni? Ondoa.


14.

Pikipiki.

Kamba ya unga imepasuka, mafuta yanamwagika, moshi umejaa uani. Saru hakandi nyingine. Anatazama mikono ya fundi.

Mitupu.

"Aliila?"

"Aliila amesimama, pale pale mlangoni. Hakunikaribisha hata maji."

"Akasemaje?"

Mwachofi anajikuna kisogo. "Mama Mghoi, usinikasirikie, mimi ni mjumbe tu."

"Sema."

"Amesema imeungua."

Kitu kinamtoka Saru kifuani, nusu kicheko nusu kwikwi. Anajifunika mdomo kwa mkono wenye unga. Huyo ndiye. Huyo huyo, mdomo wake haujabadilika, Mungu asifiwe, hata kidogo haujabadilika.

"Akauliza, nani anamgeuzia?" fundi anaendelea. "Nikamwambia, hana mtu. Anasukuma mwenyewe, anageuza mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Alinipa mgongo, akaingia ndani."

"Halafu?"

"Halafu nikawasha pikipiki."

"Mwachofi."

"Nilikuwa nimeshawasha, sikusikia vizuri. Lakini kama vile kuna kitu kilikuwa kinaburutwa. Huko nyuma, jikoni kwake. Kitu kizito, sakafuni." Anatazama viatu vyake. "Labda ni kabati. Watu husogeza kabati sikukuu. Sikugeuka kuhakikisha. Niliogopa isije ikawa ni kabati."


15.

chapati   chapati   chapati  |  


16.

Kwa miaka minne Saru amekuwa akiweka mawe na masufuria machafu kwenye upande ule mtupu wa meko, ili macho yasipaone. Sasa anayaondoa. Moja moja. Anazoa majivu kwa mikono. Anachukua kijinga cha moto kutoka chini ya nusu yake, anakisukuma kulia, anaongeza vijiti, anapiga magoti, anapuliza.

Unawaka.

chapati   chapati   chapati  |  moto   moto   moto

"Mama, jamani," Mghoi anasema. "Unawasha moto huko wa nini? Si hakuna chuma."

"Lete kuni."

"Mama..."

"Lete kuni, mwanangu. Na nyote mnyamaze kidogo, nisikilize njia."