Mshirika wa Tatu Mezani

"Mnatangaza maji ambayo hatujayafungua!"

"Na nyinyi mnafungua maji ambayo hamjatuambia!"

"Niache nimalize kwanza—"

"Umalize mara ngapi, Mama? Tangu asubuhi unamaliza!"

"Usinipandishie sauti, hapa si studio!"

Wote wawili walikuwa wamesimama, viganja mezani, kama watu wanaosukuma gari lililozimika, ila kila mmoja analisukumia kwa mwenzake. Upande wa dirishani alikuwa meneja wa Mamlaka ya Maji, ambaye wafanyakazi wake humwita Mama Bomba akishatoka chumbani. Upande wa mlangoni alikuwa mkurugenzi wa redio. Huyo tunamwita Kipaza, kwa sababu hata akikuomba chumvi majirani wanasikia. Kila mmoja alikuja na wajumbe wake wawili, kazi yao kuitikia kwa kichwa bosi wao akiongea na kuguna akiongea yule mwingine.

Katikati nilikaa mimi, katibu wa kamati ya pamoja. Kazi hii niliipata kwa sababu watu wa maji hawakumtaka katibu wa redio, na watu wa redio hawakumtaka katibu wa maji. Mimi niliacha chuo mwaka wa mwisho na sikuwa mtu wa mtu. Wananiita Nusu Shahada. Sikasiriki. Nusu shari kuliko shari kamili.

Ubia wenyewe ulikuwa jambo jema kabisa. Mjini kwetu maji hutoka kwa zamu, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Mamlaka inajua zamu ya nani, redio ina mdomo. Wakaungana, kikazaliwa kipindi kinaitwa *Maji Leo*. Mtu asikilize, ajue, akinge ndoo. Tatizo ni kwamba mkataba ulisema kila tangazo lazima Mamlaka iliidhinishe kwanza. Basi mtu wa pampu akifungua, anamwambia mhandisi wa kanda, mhandisi anaiambia ofisi ya habari, ofisi ya habari inamsubiri Mama Bomba atoke kikaoni. Tangazo likifika redioni, maji yameshakuja, yameshasalimia, yameshaondoka.

Kipaza alichoka kusubiri, akaanza kutangaza kwa tetesi. Wiki iliyopita alitangaza maji kwenye mtaa ambao zamu yake haikuwa imefika. Watu wakafungua mabomba, ukatoka upepo. Wakaenda hadi getini kwa Mamlaka na ndoo tupu, wakazipiga kama ngoma mpaka Mama Bomba akatokea mlango wa nyuma.

Sasa mkataba ulikuwa unaisha siku hiyohiyo. Kura zilikuwa tatu kwa tatu, na kanuni yetu ilisema kura zikilingana jambo linaahirishwa. Tumeahirisha mpaka kuahirisha kwenyewe kumechoka. Jioni ikifika bila makubaliano, kipindi kinazimwa.

Ningesema halinihusu, ila dada yangu mkubwa ni dobi. Kibanda chake kiko nyuma ya jengo hilihili, na anamfulia mteja mmoja mkubwa, nyumba ya wageni. Mara ya mwisho maji yalipita bila yeye kujua, akawarudishia shuka chafu kama zilivyokuja. Wakamwambia ikitokea tena wanatafuta dobi mwingine. Na nikuambie ukweli, sahani ninayolia chakula ni ya dada.

"Tupumzike kidogo," nikasema. "Chai iko nje."

Wakatoka, upande mmoja kwa mlango wa kushoto, mwingine kwa mlango wa kulia, ingawa chai ilikuwa moja.

Mkono wangu una tabia ya kufanya mambo kabla kichwa hakijapewa taarifa. Nikachukua karatasi ngumu kama zile zilizobeba majina ya wajumbe, nikaikunja, nikaandika kwa herufi kubwa: MSHIRIKA WA TATU. Nikaisimamisha mbele ya kiti kitupu, kwenye kichwa cha meza. Nikaweka na kalamu, na chupa ya maji. Nilitaka tu wacheke.

Hakuna aliyecheka.

Mama Bomba aliingia kwanza, akaona, akasimama. Akamtazama Kipaza kwa jicho la *kumbe ndivyo mlivyopanga*. Kipaza akaona, naye akamtazama kwa jicho lilelile. Kisha wote wawili wakakaa taratibu, wakanyoosha nguo, na Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanong'ona.

"Atachelewa?" akamuuliza mjumbe wake.

"Nani?"

"Si huyo."

Mjumbe mmoja wa Mamlaka akaniinamia. "Nusu, hawa wa redio wamemleta nani? Mtu wa wizarani?"

"Mimi ni katibu tu," nikajibu, na hilo halikuwa uongo.

Kutoka upande wa pili nikavutwa shati. "Hawa wa maji wamemleta nani? Mfadhili? Ni mwanamke au mwanaume? Anakunywa chai au kahawa?"

Mimi nami nikaanza kuona hamu ya kujua. Kama angekuwepo, angekuwa nani?

Sasa tazama maajabu ya kiti kitupu. Kipaza alipoanza kuongea aliongea kwa adabu, uso ameuelekeza kwenye kile kiti.

"Labda, kwa faida ya mshirika wetu mgeni akishafika, nimuulize Mama swali ambalo sijawahi kumuuliza. Tangazo huwa linakwama wapi hasa?"

Mama Bomba akakohoa. Angeulizwa hivyo asubuhi, angerusha kalamu. Lakini kiti kilikuwa kinamtazama. Akaeleza mlolongo wote, pampu, mhandisi, ofisi ya habari, yeye. Alipofika kwake akasita kidogo.

"Kwangu ndiko linakokaa zaidi," akasema. "Siogopi kutangaza. Naogopa kukosea. Ndoo zile hamkuzisikia nyinyi, nilizisikia mimi."

"Tulikosea siku ile," Kipaza akasema.

Mjumbe wake akageuka haraka, kama aliyesikia paka akibweka.

"Kwa nini mtu wa pampu asitupigie sisi moja kwa moja?" Kipaza akaendelea. "Akishafungua tu. Apige kwetu na kwenu pamoja. Tukikosea, mnaturekebisha hewani, kwa sauti yenu wenyewe."

"Hewani? Nani aongee?"

"Wewe, Mama. Una sauti nzuri, ukiwa hujakasirika."

"Hee! Unaniona nimekuja kuposwa hapa?"

Wajumbe wakacheka, pande zote mbili, na mimi nikaandika haraka kabla hawajajutia. Tulikwenda hivyo mpaka likabaki jambo moja tu: siku redio inataka kutangaza na Mamlaka inakataa, nani ana neno la mwisho?

"Sisi. Maji ni yetu."

"Sisi. Redio ni yetu."

Nikaona viganja vinarudi mezani. Lakini Mama Bomba akakitazama kile kiti, akatabasamu polepole, tabasamu la mtu anayejiambia kwamba mtu wa wizarani, hata akiletwa na redio, atasimama na Mamlaka.

"Mimi napendekeza neno la mwisho liwe la mshirika wa tatu."

"Hata mimi," Kipaza akasema upesi mno, bila shaka naye akijiambia kwamba mfadhili yeyote hupenda redio. "Yeye hana upande."

Kura sita kwa sifuri. Haijawahi kutokea. Nilitaka kuruka juu.

"Basi tutie sahihi," nikasema.

"Tutieje sahihi?" Mama Bomba akashangaa. "Umempa mtu neno la mwisho na hata hujamwona? Utaratibu ni utaratibu. Tunamsubiri."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikatoka nje nikampigia dada.

"Njoo huku juu, ukumbi wa mikutano. Sasa hivi."

"Nina shuka mkononi, wewe. Umefanya nini tena?"

"Njoo tu, dada. Kaa kwenye kiti nitakachokuonyesha."

"Mtundu wewe, siku moja utanizika."

Akaja. Aproni imelowa, mikono myeupe kwa sabuni, na harufu ya shuka safi ikaingia naye. Watu sita wakasimama.

"Karibu sana, mheshimiwa," akasema Kipaza.

Dada akageuka nyuma kumtafuta mheshimiwa. Hakumwona. Akakaa.

"Tulikuwa tunakungoja kwa hamu," Mama Bomba akasema. "Unawakilisha shirika gani vile?"

"Mimi? Nimeambiwa nije nikae hapa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na huyu," dada akasema, akanionyesha kwa kidole chenye povu. "Mdogo wangu."

Mama Bomba akamgeukia Kipaza. "Si mlimleta nyinyi?"

"Sisi? Tulidhani nyinyi!"

Kisha shingo sita zikageuka kwangu kama feni. Nikainamia daftari langu nikajifanya naandika.

"Nusu Shahada," Mama Bomba akasema taratibu, "huyu mama anafanya kazi gani?"

"Ni dobi. Hapo nyuma. Anasikiliza kipindi chetu kila asubuhi."

Nilitegemea kufukuzwa. Nilishaanza kujiuliza nitamwambia nini dada, nimempotezea kipindi na nimejipotezea kazi kwa mkupuo mmoja. Lakini Mama Bomba alikuwa amemkazia dada macho kama mtu aliyekuta mlango asioujua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kukaa meza moja na mtu anayekinga ndoo."

"Hata mimi," akasema Kipaza. "Huwa wananipigia simu studio, lakini wanakatika."

"Sasa tufanye nini? Tumeshapiga kura."

"Sita kwa sifuri."

Wakatazamana. Niliona kila mmoja anapiga hesabu zake: dobi atakuwa upande wa redio, maana anasikiliza, dobi atakuwa upande wa maji, maana anayahitaji. Hesabu zote mbili zikawapendeza.

"Sikiliza, dada yangu," Kipaza akasema, na akamweleza mpaka mwisho, bila kupiga kelele hata mara moja. Mtu wa pampu atapiga simu kwa wote wawili. Redio itatangaza hapohapo, mjini kote, kila mtu asikie kwa wakati mmoja. Wakitofautiana, wanamuuliza yeye. Akikubali tu, mkataba unatiwa sahihi na kipindi kinaendelea.

Dada alisikiliza huku anajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Kila mtu asikie kwa wakati mmoja?" akauliza.

"Kila mtu! Ndiyo faida yenyewe ya umma."

"Na neno la mwisho ni langu?"

"Ni lako, mama."

Akafikiria. Mimi nilikuwa nimeshashika kalamu, nimeshaandika *amekubali*, nimebakiza nukta. Dada akasogeza kiti mbele, akainama kama mtu anayeuliza bei sokoni, akashusha sauti.

"Basi nina ombi. Bomba langu liko mwisho kabisa wa mtaa. Wale wa juu wakifungua wote kwa pamoja, kwangu unatoka upepo. Kwa hiyo mkishapigiwa simu na huyo mtu wa pampu, kabla hamjawatangazia hao wengine, naomba mnipigie mimi kwanza. Nusu saa tu."